Kandili

Kila Ijumaa, saa moja ya jioni,
juu ya duka la cherehani lililofungwa tangu mwenyewe afe,
pale Hilltown, mtaa wa Dundee ulioinama
kama mtu anayetafuta sarafu aliyoiangusha,
tunavua viatu, tunaingia pangoni.

Pango ni sebule ya Struan. Hita inakohoa.
Mezani karatasi za miraba, biskuti za siagi,
na dadu ya pande ishirini, rangi ya zabibu.
Struan ndiye msimulizi: mchana huosha mabasi,
usiku huumba milima.
Parveen ni mchawi.
Oonagh, anayeuguza vikongwe siku tano kwa wiki, ni mwizi.
Na Wattie, mjane wa mwaka wa pili,
ni shujaa mwenye deraya, ila mkono wake hutetemeka
na dadu huiachia badala ya kuirusha.

Mimi sichezi. Kiingereza chao kina kona nyingi;
nikifika kwenye kitenzi, joka limeshakufa.
Basi Struan akanipa kazi: niwe taa yao.
Nining'inie kwenye mkoba wa mwizi,
nione yote, nisitie neno, niandike.
Kwa lugha gani? nikauliza.
Akasema, taa huwaka kwa lugha yake.

Mkono wa kushoto unahesabu mizani, wa kulia unaandika:

Mimi kandili ya chuma
naning'inia kwa nyuma
naona pasi kusema
yote yanayotukia.

Langoni walipofika
joka likaghadhibika
mawe yakaporomoka
moshi ukawavamia.

Shujaa mwenye deraya
alisimama pabaya
asione hata haya
joka kulikaribia.

Hapo ikabidi Wattie arushe.
Chini ya kumi na nne, ndiyo kwaheri:
miaka mitatu ya shujaa yule,
jina alilochaguliwa na marehemu mkewe,
ngao aliyoichora mwenyewe kwa kalamu za rangi.
Dadu ikamponyoka, ikavuka mezani,
ikapiga mguu wa kiti, ikaingia chini ya kabati.

Mimi ndiye niliyekaa sakafuni.
Nikalaza shavu kwenye zulia.
Vumbi, kibanio cha nywele, dadu.

Ngapi? akauliza Struan.
Wattie hakunitazama. Alikuwa anautazama mkono wake
kama mtu anavyomtazama mbwa wake
aliyemng'ata mgeni.

Ishirini, nikasema.

Neno langu la kwanza katika majuma kumi na moja.
Oonagh akapiga meza, chai ikamwagikia mlima,
Parveen akapiga ukelele wa kichawi au wa furaha, sijui,
na dadu nikaitoa ndani ya ngumi.

Kisha nikaandika, maana daftari halikukubali kudanganywa:

Dadu ilisema tatu
chini ya kabati letu
hakuiona mwenzetu
mwanga nikajizimia.

Nikausoma tena ubeti ule, nikaona aibu mbili.
Ya pili ni hii: ndani ya pango hakuna kabati.

Wakati wa kuvaa makoti Wattie akalichukua daftari,
akalishika mbali na macho, kama barua ya benki.
Kidole kikatangatanga, kikatua.
Tatu, akasoma, vizuri kabisa,
kuliko wanavyolitamka jina langu.
Hii ni nini?

Uongo hauzaliwi peke yake, huja na pacha.
Bonde, nikamwambia. Jina la bonde.
Liko nyuma ya pango.

Struan, mkono mmoja tu ndani ya koti,
akarudi mezani akatafuta penseli.

Sasa lipo kwenye ramani, kusini mwa mto usio na jina,
palipo na doa la chai: Bonde la Tatu.
Ijumaa ijayo wanaelekea huko.
Wattie anataka kujua kuna nini.
Struan hajui.
Wote wanaitazama taa.